Gitaa la mkongwe: Raha ya shabiki, mtihani kwa masikio ya familia

Mpiga gitaa la solo mwenye mvi akianza kupanda juu kwenye nyuzi nyembamba, ukumbi mzima hubadilika. Waliokuwa wakizungumza mezani hunyamaza. Mzee aliyekaa kimya tangu saa mbili usiku husimama, hunyoosha mkono juu na kulitaja jina la mpigaji kana kwamba anamwita ndugu yake. Akina mama hutoka kwenye viti na kujipanga mstari. Mwingine hukunjua noti, hupanda jukwaani na kumbandika msanii kwenye paji la uso, kisha hurudi akicheza kinyumenyume.

Wapo pia wasiocheza. Hawa hufumba macho, huinamisha kichwa, na wengine hufuta machozi bila kujificha.

Hivyo ndivyo mashabiki wa muziki wa dansi nchini wanavyompokea mkongwe anapopiga mbele yao. Tabia hiyo ina maelezo ya kisayansi, na ina faida kwa mwili na kwa familia. Lakini kwa maeneo kama Bugarama, kata iliyo katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, raha hiyo inakuja na swali ambalo mzazi anapaswa kujiuliza kabla ya kumshika mtoto mkono na kwenda naye mbele ya spika: masikio haya yamesikia kelele kiasi gani wiki hii?

Shabiki ni sehemu ya onyesho

Tanzania ina historia ndefu ya bendi ambazo ukubwa wake ulipimwa kwa mashabiki wake. Msondo Ngoma ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na baadaye ikaitwa JUWATA Jazz kisha OTTU Jazz kabla ya kubaki na jina la mtindo wake. Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, ilianza mwaka 1978. Ushindani wa mashabiki wa bendi hizo mbili jijini Dar es Salaam umekuwa ukifananishwa na ule wa Simba na Yanga, na maonyesho yao ya pamoja huitwa mpambano wa watani wa jadi.

Katika Msondo, jina la Said Mabera limehusishwa na gitaa la solo tangu miaka ya 1970. Shabiki wa aina hii ya muziki humtambua mpigaji kwa noti chache tu, kama mtu anavyotambua sauti ya jirani akibisha hodi. Kwa miaka mingi nyimbo za bendi hizi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, hivyo mtu aliyekulia Kahama, Geita au Shinyanga alizijua hata kama hakuwahi kukanyaga ukumbi wa Dar es Salaam.

Kwa Usukuma, kushangilia msanii si jambo geni. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamekuwa yakishindana kwa vizazi, na katika sherehe za Bulabo zinazofanyika kila Juni huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Watazamaji ndio waamuzi. Wakihama, umeshindwa.

Ndiyo maana bendi ya zilipendwa, au msanii wa nyimbo za asili mwenye gitaa la umeme, akifika kwenye mji wa wachimbaji haoni watu wa kukaa na kusikiliza tu. Bugarama na vijiji vya jirani vimepokea watu kutoka mikoa mingi waliofuata dhahabu. Muziki wa zamani ni moja ya vitu vichache ambavyo wote walikuja navyo.

Kwa nini mwili husisimka

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki walioupenda wenyewe. Waligundua kuwa mtu anapofikia kilele cha raha, pale vinyweleo vinaposimama, ubongo hutoa dopamini, kemikali inayohusika na hisia ya raha. Ni kemikali ileile inayotolewa mtu anapokula chakula anachokitamani.

La kuvutia zaidi ni kwamba dopamini ilianza kutolewa kabla ya kilele chenyewe. Sehemu moja ya ubongo ilifanya kazi wakati wa kusubiri, nyingine wakati wa kupokea.

Anayejua dansi ataelewa haraka. Wimbo huanza taratibu, waimbaji wanasimulia kisa chao, magitaa yanapishana kwa upole. Shabiki anajua sebene linakuja, na anajua karibu sekunde yenyewe. Solo linapoingia, mwili ulishaanza kusherehekea.

Kuna pia tofauti kati ya kusikia redioni na kuwa mbele ya mpigaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa muziki unaopigwa moja kwa moja uliamsha sehemu ya ubongo inayoshughulikia hisia kwa nguvu zaidi kuliko muziki uliorekodiwa. Sababu mojawapo ni kwamba mpigaji aliye mbele ya msikilizaji anaweza kubadilisha upigaji wake kufuatana na anavyopokewa. Mkongwe anayeona watu wamekolea harudi kwenye ubeti. Anaongeza mzunguko mwingine, na mwingine.

Machozi nayo yana sababu. Nyimbo ambazo mtu alizisikia akiwa kijana hubaki na kumbukumbu nyingi kuliko nyimbo za umri mwingine. Gitaa likilia, kinachorudi ni harusi ya kwanza aliyocheza, rafiki aliyefariki, au redio ya baba iliyokuwa ikining'inizwa ukutani.

Faida kwa familia

Kucheza muziki ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na saa moja ya kucheza dansi inaingia kwenye hesabu hiyo. Kwa wazee, kucheza husaidia mizani ya mwili na kuwatoa kwenye upweke.

Kwa mtoto, kumwona babu au bibi akicheza kwa furaha ni somo ambalo simu haiwezi kumpa. Anauliza wimbo unasemaje, anaelezwa maisha yalikuwaje, na mazungumzo yanaendelea hadi nyumbani. Kwa hiyo ushauri si kuwafungia watoto ndani. Ushauri ni kujua wakae wapi, kwa muda gani na wakiwa na kinga ipi.

Sikio halipumziki Jumamosi

Wataalamu wa afya kazini sehemu nyingi duniani hutumia kiwango cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku kama mpaka wa kelele kwa mfanyakazi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara mbili na muda salama hupungua kwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne. Desibeli 91 ni saa mbili.

Sasa mfikirie baba anayeshinda kwenye karasha la kusaga mawe, au pembeni ya kompresa na jenereta kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Kama hana kinga, anaweza kuwa amemaliza kiwango chake cha siku kabla ya chakula cha mchana. Amefanya hivyo siku sita. Jumamosi usiku anaoga, anavaa shati safi na kwenda kusikiliza gitaa, akiamini anapumzika.

Akili inapumzika kweli. Sikio halipumziki. Sikio halijui tofauti ya karasha na sebene. Linapokea mawimbi ya sauti na kuyajumlisha.

Mwongozo wa WHO wa usikilizaji salama unasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, ni takriban dakika 24. Kwa watoto mwongozo ni mkali zaidi: desibeli 75 kwa saa 40. Maana yake, mtoto aliyekaa kwenye sauti ya desibeli 95 anamaliza kiwango cha wiki ndani ya takriban dakika 24, yaani nyimbo tatu au nne za dansi.

Mwaka 2022, WHO lilitoa viwango vya kimataifa kwa kumbi na maonyesho ya muziki. Linapendekeza wastani wa sauti usizidi desibeli 100, watu wapewe kinga za masikio, na kuwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Kwenye uwanja wa wazi wenye spika za kukodi na jenereta nyuma ya turubai, ni nadra mtu kupima sauti. Hapo mzazi ndiye kipimo.

Kinachoondoka kwanza

Ndani ya sikio kuna sehemu yenye umbo la konokono iliyojaa chembe hai ndogo zenye vinywele. Chembe hizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Kelele kali huzichosha. Zikipumzishwa mapema hurudi katika hali yake, na hii ndiyo sababu masikio yaliyoziba baada ya muziki hufunguka baada ya saa kadhaa au siku moja hivi. Zikichoshwa mara kwa mara hufa, na kwa binadamu haziоti tena.

Chembe zinazoumia mapema kutokana na kelele ni zile za sauti nyembamba, kwenye masafa ya karibu hezi 4,000. Huko ndiko uliko mng'ao wa gitaa la solo. Besi na ngoma hubaki zikisikika vizuri, kwa hiyo mtu hadhani kama ana tatizo. Anaona tu kwamba gitaa halina ukali kama zamani. Anamwambia fundi mitambo aongeze sauti. Fundi anaongeza, na sikio linazidi kuumia.

Kwa maneno mengine, kelele huanza kumnyang'anya shabiki kile hasa alichokifuata.

Nyumbani tatizo huonekana kwa namna nyingine. Herufi kama s, f, t na sh ziko kwenye sauti nyembamba. Mtu aliyeanza kupoteza usikivu husikia kuwa anasemeshwa, lakini hashiki neno. Anaambiwa "lete sahani", anasikia kitu kingine. Mke hudhani anapuuzwa. Watoto huacha kumsimulia baba mambo ya shule kwa kuchoka kurudia. Baba naye hukaa pembeni kwenye vikao vya familia, akicheka wengine wanapocheka bila kujua kimesemwa nini. Wengi huita hali hiyo kiburi au uzee. Mara nyingine ni masikio.

WHO linakadiria kuwa watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upotevu wa usikivu, wakiwamo watoto milioni 34. Linasema pia kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 wako hatarini kutokana na usikilizaji usio salama wa muziki.

Wapigaji wenyewe wamelipa gharama

Wakongwe wa muziki wa roki wametoa ushahidi ulio wazi. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who ya Uingereza, amezungumza kwa miaka mingi kuhusu kupoteza usikivu na mlio usiokoma masikioni. Onyesho la bendi hiyo jijini London, Mei 31, 1976, lilipimwa desibeli 126 kwa umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye kitabu hicho kiliacha kutambua rekodi ya bendi yenye kelele kubwa zaidi, ili kisichochee watu kuumiza masikio. Mpiga gitaa mwingine wa Uingereza, Eric Clapton, alieleza mwaka 2018 kuwa anapoteza usikivu na anasumbuliwa na mlio masikioni.

Kwa Afrika, wanamuziki wamewahi kutumia jukwaa kufikisha ujumbe mgumu wa afya. Franco wa Kongo alitoa wimbo wa tahadhari kuhusu Ukimwi mwaka 1987, na Remmy Ongala, aliyefariki dunia Desemba 2010, aliimba "Mambo kwa Soksi" kuhimiza kondomu wakati ambao wengi waliona aibu kulitaja neno hilo hadharani. Bendi iliyoweza kusema hayo inaweza pia kusema, kati ya wimbo na wimbo, "wenye watoto wasogee nyuma". Mashabiki humsikiliza mkongwe kuliko wanavyosikiliza bango.

Mtoto hawezi kuondoka mwenyewe

Mtu mzima akizidiwa na sauti huenda nje kupunga upepo. Mtoto wa miaka miwili aliye mabegani kwa baba hana uamuzi huo. Kichanga kilichofungwa mgongoni kwa mbeleko hakiwezi hata kugeuza mwili. Mama akicheza na kuipa spika mgongo, mtoto ndiye anayekuwa karibu nayo zaidi.

Mtoto anayeziba masikio kwa mikono, anayelia kila sauti inapopanda, au anayejificha uso kwenye nguo ya mzazi hajakosa adabu mbele ya wageni. Anatoa taarifa. Na mtoto aliyelala fofofo mbele ya spika hajazoea. Masikio yake yanaendelea kupokea sauti ileile.

Mambo ya kufanya

*Ongeza umbali.* Kwenye uwanja wa wazi, umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kama ni desibeli 100 mita 4 kutoka kwenye spika, mita 8 itakuwa karibu 94, na mita 16 karibu 88. Kwa mtu mzima, dakika 24 zinakuwa zaidi ya saa 6. Hatua chache za kurudi nyuma hazina gharama yoyote. Ndani ya ukumbi sauti hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hapo, kwa sababu kuta huirudisha.

*Pima kwa mdomo.* Kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, sauti imeshafika kiwango cha kuumiza. Programu za simu za kupima desibeli hazina usahihi wa mashine ya mtaalamu, lakini hutoa picha.

*Tumia kinga halisi.* Vizibo vya sifongo vilivyovaliwa vizuri hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa na muziki bado husikika. Kwa mtoto mdogo vinafaa vikinga vinavyofunika sikio lote kama hedifoni. Pamba haitoshi, na isisukumwe ndani ya sikio.

*Yapumzishe masikio.* Toka kwenye kelele kila baada ya nyimbo kadhaa. Baada ya usiku wa muziki, Jumapili iwe siku ya utulivu, bila sabufa wala hedifoni.

*Anza na kazi.* Anayefanya kazi kwenye karasha au kompresa avae kinga kila siku. Sikio lililolindwa Jumatatu hadi Ijumaa lina nafasi ya kufurahia gitaa Jumamosi.

*Kichanga abaki na mtu nyumbani*, au mama na mtoto wakae mbali kabisa na spika, waondoke mapema.

Dalili za kutopuuza

Mlio au mvumo masikioni, masikio kuziba, au kusikia watu kana kwamba wanaongea kutoka ndani ya pipa ni ishara kuwa sauti ilizidi. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya siku mbili, nenda kituo cha afya. Usikivu ukipotea ghafla kwenye sikio moja au yote mawili, hiyo ni dharura. Matibabu huwa na nafasi kubwa ya kusaidia yakianza ndani ya siku za mwanzo. Usisubiri lifunguke lenyewe, na usimwage mafuta, maji ya majani au dawa yoyote ambayo hukuandikiwa.

Kwa mtoto, angalia kama anauliza "eeh?" mara kwa mara, anaongeza sauti ya televisheni, anachelewa kuongea, au mwalimu analalamika kuwa hasikilizi. Si kila tatizo la kusikia linatokana na kelele. Nta iliyoziba na maambukizi yenye kutoa usaha ni sababu za kawaida kwa watoto, na hutibika. Ndiyo maana ni muhimu apimwe kabla ya kuitwa mkaidi au mzito wa kuelewa. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo, ambao kwa Kanda ya Ziwa wapo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza.

Bendi ikija, nendeni. Mchezeni mkongwe, mtuzeni, mwiteni jina lake. Kisha chukueni viti vyenu mvisogeze nyuma, ili mtoto aliyemsikia mwaka huu aweze kumsikia vilevile, hadi noti ya juu kabisa, atakapokuwa na mvi zake mwenyewe.